Maswali ya Wasomaji: Miwani ya Mvuvi na Eksirei za Mbinguni

Barua ya kwanza kati ya hizi nne ilitoka Sahare, na tulipoichapa kwa ufupi katika toleo lililopita bila jibu, nyingine tatu zikaifuata kutoka sehemu mbalimbali za mkoa wetu wa Tanga. Kwa kuwa zote zinagusa jambo moja, tumeona ni afadhali tuzijibu pamoja. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani; lile la mwalimu wa Chumbageni ndilo lililotuchukua muda.

Mimi ni mvuvi wa Sahare. Mpwa wangu aliniletea miwani ya jua ambayo muuzaji aliiita ya polaraizi, na tangu nianze kuivaa naona mwamba na hata samaki chini ya maji pale ambapo wenzangu wanaona mng'ao mtupu. Mwenzangu mmoja naye akanunua ya namna hiyo mtaani, lakini yake inatia giza tu. Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha sita, anasema kuna setilaiti zinazotazama nyota kwa miwani kama yangu, na kwamba zinakuja nyingine. Je, ananitania?

Hakutanii, mzee wetu, ila amerahisisha mambo kidogo. Nuru husafiri kama wimbi, na mtikiso wa wimbi hilo huikata njia yake, hauifuati. Funga kamba kwenye mlingoti wa mashua, shika ncha ya pili, kisha uitikise. Ukiitikisa juu na chini, wimbi litakwenda hadi mlingotini likiwa limesimama wima. Ukiitikisa kushoto na kulia, litakwenda likiwa limelala. Nuru ya jua inapotufikia ni mchanganyiko wa mitikiso ya kila upande, bila upande wowote kutawala, lakini ikishapiga uso wa bahari na kudunda, sehemu kubwa ya ile inayoingia machoni mwako huwa imelala sambamba na maji. Hali hiyo ya mitikiso kuelemea upande mmoja ndiyo inayoitwa polaraizesheni. Miwani yako ina utando unaopitisha mtikiso uliosimama na kuzuia uliolala, na kwa hiyo mng'ao unabaki nje, ilhali nuru inayopanda kutoka kwa samaki na miamba, ambayo haikuelemea kiasi hicho, inapita.

Mwenzako inaelekea aliuziwa kioo cheusi tu. Siku akienda kununua tena, amwombe muuzaji kalkuleta yake, aiwashe, kisha aitazame kupitia lenzi moja huku akiizungusha miwani polepole kama usukani. Miwani ikiwa ya kweli, kioo cha kalkuleta kitageuka cheusi chote kwenye pembe fulani, na tarakimu zitarudi miwani ikiendelea kuzunguka. Isipobadilika chochote, aiache hapo hapo dukani.

Tukirudi kwa nyota, eksirei kwa asili yake ni nuru ile ile, ila fotoni yake moja, yaani punje moja ya nuru hiyo, ina nishati inayozidi ya nuru ya macho mara elfu moja na zaidi. Utando wa miwani hauwezi kuichuja: fotoni ama itapenya moja kwa moja, ama itamezwa, na hakuna atakayejua ilikuwa imelala au imesimama. Hivyo setilaiti ambayo bila shaka mpwa wako aliisoma, yaani IXPE ya Marekani na Italia, haivai miwani yoyote. Ina vioo vya kukusanya eksirei na, mita 4 nyuma yake, vitambuzi vilivyojazwa gesi ya dimethili etha, na katikati yake mlingoti uliorushwa ukiwa umekunjwa na kukunjuliwa baada ya chombo kufika angani. Fotoni ikiingia ndani ya gesi hugonga atomu na kung'oa elektroni, nayo elektroni hukimbia umbali ulio chini ya milimita moja na kuacha mchirizi wa chaji. Chini yake kuna kipande cha kielektroniki chenye vidoa 105,600 ambacho huupiga picha mchirizi huo.

Wewe unayeshinda ufukweni umeona michirizi ya kaa juu ya tope maji yakikupwa: kaa hutoka shimoni akiwa ameshika njia moja, kisha hupinda hapa na pale mpaka njia ya mwanzo haitambuliki tena. Elektroni hufanya hivyo hivyo. Inapong'olewa hupendelea kutoka kwa kuufuata upande wa mtikiso wa fotoni, halafu hugongana na atomu za gesi na kupotoshwa. Kwa hiyo programu ya kompyuta lazima kwanza itambue mwanzo wa mchirizi ni upi, na bahati nzuri mwisho wake huwa mzito zaidi, kwa kuwa elektroni inayokaribia kusimama humwaga chaji nyingi mahali pamoja. Kisha hupima pembe ya ule mwanzo peke yake. Nimetumia neno "hupendelea" kwa makusudi. Mchirizi mmoja hauthibitishi lolote, kwa sababu zipo elektroni nyingi zinazotoka kombo. Inabidi ikusanywe maelfu kwa maelfu ndipo ionekane kama kuna upande unaozidi pande nyingine. Neno hilo dogo ndilo chanzo cha karibu kila taabu iliyoelezwa katika jibu la mwalimu hapo chini.

Nina duka Ngamiani na nimeisoma barua ya yule mvuvi. Hospitali tunaambiwa tusipigwe eksirei ovyo, hasa mwanamke akiwa mjamzito. Sasa kama eksirei zinatoka mbinguni usiku na mchana, mbona hatudhuriki?

Kwa sababu hazifiki, mama. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu inaonekana nyepesi, lakini ukiipima yote kutoka hapa hadi mwisho wake, uzito wake unalingana na wa maji yenye kina cha mita 10 hivi, na eksirei za nyota humezwa makumi ya kilomita kabla ya kutufikia. Ndiyo maana hakuna mlima wowote, hata Kilimanjaro, unaofaa kwa kazi hii, na ndiyo maana eksirei ya kwanza kutoka nje ya mfumo wa jua letu iligunduliwa kwa roketi iliyorushwa Juni 1962 na kukaa juu ya hewa dakika chache tu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mashine ya hospitali iko karibu na mwili na imetengenezwa ili miale yake ipenye, kwa hiyo ushauri uliopewa kule uendelee kuufuata.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Chumbageni. Nilisoma chuoni kwamba polaraizesheni ya eksirei za Nebula ya Kaa ilipimwa miaka ya 1970. Kwa nini basi kazi hiyo inazungumzwa leo kana kwamba imeanza jana? Na ni vyombo gani vinavyokuja vitakavyofanya kile ambacho vilivyopo haviwezi?

Kumbukumbu yako ni sahihi, Mwalimu, na kaa huyu wa pili hana uhusiano na wale wa Sahare: ni mabaki ya nyota iliyolipuka na kuonekana duniani mwaka 1054, umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi. Kundi la Robert Novick wa Chuo Kikuu cha Columbia lilipata dalili ya kwanza kwa roketi mwaka 1971, kisha setilaiti ya OSO-8, iliyorushwa Juni 1975, ikathibitisha kwamba takriban asilimia 19 ya eksirei za nebula hiyo zimeelemea upande mmoja. Maana yake ilikuwa nzito kuliko tarakimu yenyewe. Kipimo hicho kilionyesha kwamba eksirei zile hazitokani na joto kama la makaa, bali na elektroni zinazozunguka kwa kasi ya karibu na ya nuru ndani ya uga wa sumaku uliopangika.

Baada ya hapo pakawa karibu kimya kwa zaidi ya miaka 40. OSO-8 ilitumia fuwele za grafiti zilizoinamishwa digrii 45, ambazo huakisi eksirei za upande mmoja wa mtikiso na kuziacha za upande mwingine. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na miwani ya mvuvi wetu. Kasoro yake ni kwamba fuwele huakisi nishati moja finyu tu na kupoteza zilizosalia, kwa hiyo ukiacha Nebula ya Kaa, ambayo inang'aa mno, hapakuwa na kitu kingine cha mbinguni kilichotoa fotoni za kutosha kwa kipimo thabiti. Kipima polaraizesheni kilichojengwa kwa ajili ya setilaiti ya Kirusi ya Spectrum-X-Gamma hakikuruka. Mradi wa GEMS wa NASA, shirika la anga la Marekani, ulifutwa mwaka 2012 ukiwa tayari unatengenezwa. Njia ilifunguka mwaka 2001, Enrico Costa na wenzake wa Italia walipochapisha kitambuzi cha gesi tulichokieleza hapo juu, ambacho hukubali fotoni za nishati nyingi kwa pamoja na pia hutoa picha. Wachina walikijaribu ndani ya setilaiti ndogo ya PolarLight mwaka 2018, na IXPE ikakipeleka mbinguni kwa ukubwa unaostahili mwaka 2021.

Hapa naomba ruhusa ya kuandika hesabu moja, kwa kuwa bila hiyo mipango ya mbele haieleweki. Chukua idadi ya fotoni ulizozikusanya, itafutie kipeuo cha pili chake, zidisha kwa uwezo wa kitambuzi chako wa kutofautisha pande, kisha gawa 4.29 kwa jibu hilo. Utapata kiwango kidogo kabisa cha polaraizesheni unachoweza kukitangaza kwa uhakika wa asilimia 99. Tuseme uwezo wa kitambuzi ni 0.3. Ili uone polaraizesheni ya asilimia 10 unahitaji fotoni 20,000 hivi. Ili uone ya asilimia 1 unahitaji milioni 2. Kiwango kimepungua mara 10, gharama imepanda mara 100. Ni sawa na kuichunguza shilingi inayosemekana imechakachuliwa: ikiwa inaangukia kichwa mara 9 kati ya 10, utaijua mapema, lakini ikiwa imeelemea kidogo tu, utarusha mpaka mkono uchoke. Na nyota haziharakishwi. IXPE ilipoanza na mabaki ya mlipuko yaitwayo Cassiopeia A, Januari 2022, iliyakodolea macho kwa zaidi ya wiki mbili, na ikaambulia polaraizesheni ya chini ya asilimia 2 kwa mabaki yote na ya asilimia 5 hivi kwenye ukingo wake. Inatosha kuonyesha kwamba uga wa sumaku karibu na wimbi la mlipuko umevurugika sana, lakini ndio mpaka wa kile ambacho chombo hicho kinaweza.

Pamoja na mpaka huo, kazi iliyofanyika ni kubwa. Kwenye Cygnus X-1, ambako shimo jeusi linanyonya mata ya nyota jirani, polaraizesheni ya asilimia 4 ilionekana ikielekea sawa na mkondo wa mata unaorushwa nje. Kwa hiyo ile gesi ya moto inayotoa eksirei imetandazwa juu ya sahani ya mata inayolizunguka shimo, haikusimama juu yake kama taa juu ya meza, jambo ambalo kwa miaka mingi wanafizikia walilibishania bila kipimo cha kulimaliza. Na kwenye magneta iitwayo 4U 0142+61, yaani nyota ya nyutroni (kiini kilichobanana cha nyota iliyokwisha lipuka) yenye uga wa sumaku wa kutisha, upande wa mtikiso uligeuka digrii 90 nzima ulipotoka kwenye eksirei za nishati ndogo kwenda za nishati kubwa, huku zile za katikati zikiwa hazina mwelemeo wowote. Napenda walimu walitazame hili kwa makini. Aliyepima mng'ao pekee asingejua kuna kilichogeuka.

Kugeuka huko ndiko kunakotuleta kwenye vyombo vinavyofuata, maana IXPE huona kati ya kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya fotoni) 2 na 8 tu, na mambo mengi hutokea nje ya dirisha hilo.

Upande wa nishati kubwa, India imeshatangulia. XPoSat ilirushwa kutoka Sriharikota tarehe 1 Januari 2024, na kifaa chake cha POLIX, kilichotengenezwa na Taasisi ya Utafiti ya Raman, hufanya kazi kati ya kiloelektronivolti 8 na 30. Huko juu gesi haifai tena kwa sababu fotoni huipita bila kugonga, kwa hiyo fotoni huelekezwa kwenye kipande cha metali nyepesi ambacho huzitawanya, na vitambuzi vinne vilivyokizunguka huhesabu ngapi zimeangukia upande gani. Juu zaidi ya hapo kuna puto la XL-Calibur, ambalo mwaka 2024 lilivuka kutoka Uswidi hadi Kanada. Puto si chombo cha kudharau. Linakaa juu siku chache na hewa iliyobaki juu yake bado inakula sehemu ya eksirei, lakini linarudi chini, linatengenezwa na kurushwa tena, jambo ambalo hakuna setilaiti inayoliweza.

Mradi ninaoutegemea zaidi ni eXTP wa China, unaotarajiwa kurushwa mwaka 2030 kwa ushirikiano na taasisi za Ulaya. Sababu yangu si ukubwa peke yake, ingawa darubini zake tatu za polaraizesheni zina eneo la kukusanyia linalozidi la IXPE mara kadhaa, na umekwisha kuona katika hesabu yetu kwamba eneo ndilo fotoni na fotoni ndiyo kipimo. Sababu ni kwamba darubini hizo zitafungwa bega kwa bega na nyingine zinazopima mapigo ya nyota kwa usahihi wa sehemu ndogo sana za sekunde, zote zikitazama kitu kile kile kwa wakati ule ule. Shimo jeusi linapokula, mng'ao wake hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, na hadi leo wanaopima mpigo na wanaopima polaraizesheni huwa wametumia vyombo tofauti, mara nyingine kwa siku tofauti, kisha wanakutana kwenye makala kubishana. Obiti yake nayo itakuwa ya duaradufu ndefu, tofauti na za setilaiti zinazozunguka chini ambazo Dunia huzikinga kila baada ya saa moja na kitu, kwa hiyo itaweza kutazama mahali pamoja kwa muda mrefu bila kukatizwa.

Marekani nayo inaandaa COSI, iliyopangwa kurushwa mwaka 2027, ambayo imekwisha vuka eksirei na kuingia miale ya gama. Vitambuzi vyake vya jerimani, yaani elementi ya germanium, vitapima polaraizesheni kuanzia kiloelektronivolti 200, hasa ya milipuko ya gama inayotokea ghafla na kuzimika kabla hujapata nafasi ya kugeuza darubini. Milipuko hiyo hiyo ndiyo inayolengwa na POLAR-2, kifaa kitakachobandikwa kwenye kituo cha anga cha China baada ya mtangulizi wake, POLAR, kufanya kazi kwa miezi michache kuanzia Septemba 2016. Waitaliano wana CUSP, setilaiti ndogo kwa ajili ya milipuko ya jua letu wenyewe. Na upande wa chini kabisa, chini ya kiloelektronivolti 1, kundi la Herman Marshall wa chuo cha MIT cha Marekani limekuwa likitengeneza roketi ya REDSoX, yenye vioo vilivyopakwa tabaka nyembamba nyingi mithili ya maganda ya kitunguu. Usiipuuze kwa udogo wake. Nyota za nyutroni zilizopoa, zinazong'aa kwa nishati hiyo ndogo, ndizo mahali panapofaa zaidi kujaribu utabiri wa wanafizikia Heisenberg na Euler wa mwaka 1936, kwamba uga wa sumaku ukiwa mkali vya kutosha, hata ombwe lenyewe, yaani nafasi tupu, huichukulia nuru iliyosimama tofauti na iliyolala. Hakuna maabara duniani inayoweza kutengeneza uga wa namna hiyo.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukiulizwa darasani ni kipi kati ya hivi ni bora, swali lenyewe lina kasoro. Kila kimoja kinatazama kipande chake cha nishati, na fotoni zinazokosekana huku haziwezi kufidiwa na zilizojaa kule.

Ninasoma kidato cha tano na nyumbani ni Pangani. Niliambiwa kwamba setilaiti ya kwanza ya eksirei ilirushwa kutoka pwani yetu na iliitwa kwa jina la Kiswahili. Ni kweli? Na mtu wa huku anaweza kushiriki vipi?

Ni kweli, ingawa pwani hiyo ni ya jirani zetu. Ukivuka Horohoro, ukaipita Mombasa na kuendelea kaskazini, utafika Malindi, na karibu yake, baharini, limesimama jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitaliano. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya eksirei peke yake, na kwa kuwa Kenya ilikuwa inasherehekea miaka saba ya uhuru wake siku hiyo, ikapewa jina la Uhuru. Haikupima polaraizesheni, bali ilitengeneza ramani. Orodha yake ya nne ina vyanzo 339, na vyanzo hivyo vinaitwa kwa orodha hiyo hadi leo. Irudie ile magneta tuliyomtajia Mwalimu, 4U 0142+61: tarakimu 4 ni ya orodha ya nne, na herufi U ni ya Uhuru.

Kuna sadfa nyingine ambayo sijaona ikitajwa mahali, na huenda ikawafurahisha wasomaji wa upande wetu wa mpaka. IXPE ilirushwa kutoka Florida tarehe 9 Desemba 2021, saa 3 asubuhi kwa saa zetu, yaani asubuhi ile ile Tanganyika ilipokuwa ikitimiza miaka 60 ya uhuru wake. Safari hii hakuna aliyekusudia.

Kuhusu kushiriki, data za IXPE huwekwa wazi kwenye hifadhi ya NASA baada ya kuchakatwa, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bila malipo wala barua ya utambulisho. Programu za kuzichambua nazo ni za bure, na nyingi zimeandikwa kwa lugha ya Python. Tangu mwaka 2024 wanasayansi wa nje ya kundi la mwanzo pia hupeleka maombi ya kuchagua kitakachotazamwa. Ukiwa kidato cha tano hutafikia hatua hiyo mwaka huu, lakini takwimu unazofundishwa sasa, za wastani na mtawanyiko, ndizo hasa zinazotumika, na hesabu ya fotoni tuliyompa Mwalimu unaweza kuirudia leo kwa kalkuleta.

Tena chombo chenyewe hakiko mbali nawe. IXPE iliwekwa kwenye obiti iliyo kilomita 600 hivi juu ya ikweta, karibu kabisa na mstari wenyewe, kusudi ikwepe eneo la chembechembe hatari lililo juu ya Atlantiki ya Kusini. Kwa sababu hiyo hupita juu ya Afrika Mashariki katika kila mzunguko, kama mara 14 kwa siku, na kituo kikuu kinachopokea data zake kiko hapo hapo Malindi. Jioni moja simama ufukweni Pangani, utazame kaskazini, unyooshe mkono hadi digrii 40 hivi juu ya upeo wa macho. Hutakiona, kwa kuwa ni kidogo, lakini njia yake ni hapo, kutoka magharibi kwenda mashariki, na katika baadhi ya mapito hayo, kwa dakika chache, huteremsha Malindi hesabu ya michirizi iliyokusanywa.